Kijiko cha Upande wa Chanya

3 Februari

Mdogo wangu Kwanini,

Marahaba, maana najua ulishaniamkia hata kabla hujafungua bahasha. Hujambo? Wifi yangu hajambo, na lile goti lake? Mimi ni mzima, cherehani yangu ni nzima, na macho bado yanaona tundu la sindano. Kliniki walinibadilishia vidonge vya presha mwishoni mwa mwaka, na presha imetulia mpaka mwenyewe naona fahari. Kwa upande huo usinisumbue. Tatizo ni kikohozi tu. Ni kikavu, hakitoi kitu, na kinanikatiza nikiwa katikati ya maneno. Wewe unajua kunikatiza mimi si kazi ndogo.

Nakuandikia, sikupigii, kwa sababu tulishakubaliana: kwenye simu salio linaisha kabla hujafika kwenye jibu.

Sasa sikiliza. Jirani yangu fundi redio, yule tunayepakana ukuta, alikuja mlangoni akasema, "Mama, unakohoa mpaka redio zangu zinahama stesheni." Nikamwambia ahamishe redio. Akasema hapana, tuhamishe kikohozi. Kuna kitu kinaitwa maji ya fedha, anasema. Unachukua vipande viwili vya fedha halisi, unavitumbukiza kwenye glasi ya maji bila kugusana, unaunganisha kimoja kwenye upande huu wa betri na kingine upande ule, unasubiri, unakunywa.

"Yanatibu nini?" nikamuuliza.

"Kila kitu, Mama, isipokuwa kuvunjika mguu."

Fedha halisi ninayo, unajua. Vile vijiko viwili alivyotuachia Mama: changu chenye mpini uliosokotwa, na chako chenye mchoro wa jani, ambacho nakutunzia tangu ulipohama kwa sababu wewe unapoteza hata miwani iliyo usoni. Fundi akaleta betri tatu za mraba na waya. Tukatumbukiza, tukasubiri. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele. Nikayaacha dirishani, na kufika alasiri yakawa ya zambarau iliyochafuka. Fundi akasema labda ni baraka. Mimi sikuyanywa, kwa sababu baraka ya rangi ile siijui.

Wewe umefundisha kemia mpaka ukastaafu. Nieleze kosa liko wapi. Kwa kifupi.

Na usiniambie habari za daktari. Pale kliniki nafika meza ya nje, wananifunga ule mkanda wa presha, wananipa vidonge, natoka. Chumba cha ndani siingii. Shemeji yako aliingia mle na kikohozi chake kwa miguu yake, akatoka amefunikwa shuka.

Dada yako.


11 Februari

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta salama, na wifi yako anakusalimu. Goti lake linaendelea kutabiri mvua kuliko redio za jirani yako.

Umeomba kwa kifupi. Nitajitahidi.

Kijiko kilichofungwa upande wa chanya wa betri kinanyang'anywa elektroni. Atomi ya fedha ikishanyang'anywa elektroni yake moja haiwezi tena kukaa na wenzake kwenye kijiko. Inaingia majini ikiwa imepungukiwa, kama mtu aliyetoka nyumbani na kiatu kimoja. Hiyo ndiyo tunaiita ayoni. Ayoni hiyo inatafuta mwenzi. Sasa, maji yako ni ya bomba, na maji ya bomba yametiwa dawa yenye klorini na yana chumvichumvi zake. Ayoni ya fedha ikikutana na ayoni ya kloridi, itokayo kwenye klorini na chumvi hizo, zinakumbatiana palepale na kuwa unga mweupe usioyeyuka. Ndio ule weupe wako. Na unga huo ukipigwa na mwanga unageuka zambarau, kisha kijivu, kwa sababu mwanga unairudisha fedha kuwa metali yenyewe, punje kwa punje. Dirisha lako limefanya kazi kama studio ya picha ya zamani.

Kwa hiyo ulichopata si koloidi. Koloidi ni maji yenye chembe ndogo mno za kitu, ndogo kiasi kwamba haziyeyuki wala hazizami, zinaelea tu siku nenda siku rudi. Chako wewe ni vumbi. Ungetumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyochemshwa, mvuke wake ukapoozwa na kudondokea chombo kingine, usingeona weupe wowote, maana chumvi zote zingebaki chunguni. Sikuambii ufanye hivyo. Nakueleza tu kwa nini.

Kuhusu kunywa: usinywe. Kikohozi kina sababu, na sababu hutafutwa na daktari, haitafutwi na fundi redio. Mimi darasani sikuwahi kumwambia mtoto "hapana" bila kumpa sababu, na sababu yangu ni kwamba hatujui unatibu nini.

Mdogo wako.


20 Februari

Mdogo wangu Kwanini,

Nimefurahi mno kwa mwongozo wako. Marahaba pia. Hatujambo, nikisema sisi nina maana mimi na kikohozi.

Nimekeneka maji. Nilichukua sufuria kubwa, nikatia maji kidogo, nikaweka bakuli katikati, nikafunika kwa mfuniko uliopinduliwa na juu yake barafu ya kwa muuza samaki. Mvuke unapanda, unagonga mfuniko baridi, unadondokea bakulini tone, tone, tone. Nilishona suruali mbili za sare ya shule nikisikiliza matone. Nimepata glasi moja ya maji masafi ajabu, hayana ladha yoyote, kama kulamba dirisha.

Tukatumbukiza vijiko na kuunganisha waya. Hakuna. Nikayatazama maji, maji yakanitazama. Fundi akasema betri zimekufa. Akalamba moja kwa ulimi, akaruka, akasema hapana, ziko hai sana. Basi nikatia chumvi, ncha ya kijiko tu. Palepale kazi ikaanza kwa kishindo! Mapovu, mawingu, kila kitu. Lakini ni weupe uleule.

"Mama," fundi akasema, "nduguyo amesahau kitu."

Nikamwambia ndugu yangu hasahau kitu, anasahau kunyamaza tu. Nieleze.

Dada yako.


1 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepata nafuu, ingawa kwa mwandiko wako uliotetemeka pale kwenye neno "kishindo" naona ulikohoa ukiandika.

Kwanza, sikukupa mwongozo. Nilikupa maelezo. Ni vitu viwili tofauti.

Pili, umeyakwepa maji ya bomba kwa sababu ya kloridi, halafu ukaichukua kloridi kwa mkono wako ukaitia. Chumvi ya mezani ni sodiamu na kloridi. Umemfukuza mgeni mlangoni ukamfungulia dirisha.

Lakini swali lako ni zuri: kwa nini maji safi yaligoma? Umeme ndani ya maji haupiti wenyewe, unabebwa. Wabebaji ni ayoni. Maji safi hayana wabebaji, isipokuwa wachache mno. Ndiyo maana betri nzima kabisa inakaa tu. Hata hivyo haijakaa bure: fedha inaanza kutoka kidogokidogo, na kila ayoni inayotoka kwenye kijiko inakuwa mbebaji wa umeme unaofuata. Kwa hiyo umeme unaongezeka wenyewe, pole pole, bila kutiwa chochote. Anayeharakisha anaharibu, maana fedha ikitoka kwa wingi chembe zinarundikana, zinakuwa kubwa na maji yanakuwa ya kijivu. Kwenye utulivu chembe zinabaki ndogo, na maji yanakuwa ya manjano hafifu, kwa sababu chembe ndogo za fedha hunyonya sehemu ya buluu ya mwanga na kuiacha manjano ipite.

Ukitaka kujua kama chembe zipo, mulika glasi kwa tochi ubavuni. Kwenye maji matupu mwali hauonekani. Kwenye koloidi utauona umenyooka ndani ya maji kama uzi. Wanafunzi wangu walikuwa wakipiga makofi.

Ni vizuri pia ujue kwamba upande wa chanya ndio unaoliwa. Upande wa hasi hauliwi. Unaota manyoya meusi tu ambayo hufutika kwa kitambaa.

Hapa nilisimama nikampa wifi yako asome. Akasoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Umemwandikia mapishi," akasema. Nikamwambia ni maelezo. Akasema, "Bado hujamwambia apike kwa watu wangapi."

Kwa hiyo niongeze wazi: usinywe, Dada. Si kwa sababu ya weupe, bali kwa sababu kikohozi cha miezi hakitibiwi kwa kubahatisha. Ni kweli fedha huua vijidudu. Hospitali hutumia bandeji zenye fedha juu ya majeraha ya moto. Lakini jeraha liko nje.

Mdogo wako.


9 Machi

Mdogo wangu,

Inaua! Umeandika mwenyewe, kwa wino, "fedha huua vijidudu". Nimemsomea fundi mara mbili. Yaliyofuata baada ya hapo nilikuwa nakohoa, sikuyasoma vizuri.

Marahaba. Mwambie wifi yangu ni mapishi ya watu wawili, mimi na fundi, ila fundi amejitoa. Anasema yeye hana ugonjwa wowote na hataki kuumaliza.

Mdogo wangu, yametoka! Hakuna chumvi, hakuna haraka. Nilifunga waya asubuhi, nikakata vitambaa vya mapazia ya mteja, nikarudi. Ya manjano hafifu kama chai ya mgonjwa. Nikafunga dirisha, nikamulika tochi. Uzi! Umenyooka ndani ya glasi, mtu angeweza kutungia sindano. Nikamwita muuza nyanya, nikamwita mke wa kinyozi, nikamwita na kinyozi mwenyewe akaja na mkasi mkononi, mteja kamwacha na kichwa kilichonyolewa nusu. Wote wakasema, "Eeh!" Nikawaeleza habari za wabebaji na chembe zinazoelea. Kinyozi akauliza, "Haya yote umeyajulia wapi, Mama?" Nikamwambia nina mdogo wangu profesa. Najua hukuwa profesa. Nimekupandisha cheo kwa sababu ulikuwa mbali huwezi kukataa.

Nakunywa kijiko kikubwa asubuhi na kikubwa jioni.

Na fedha, kumbuka, ni ileile niliyokuambia. Ni vile vijiko vya Mama. Na uliposema kwamba upande wa chanya ndio unaoliwa, nikakushukuru sana, maana nilikuwa sijui. Nikahamisha waya palepale. Sasa upande wa chanya kuna kijiko chako.

Dada yako.


17 Machi

Dada Mkubwa,

Shikamoo, japo leo imenitoka kwa shida.

Kijiko changu! Kile chenye jani! Nimemweleza wifi yako, nikitegemea atanionea huruma. Amecheka mpaka akakaa kwenye ngazi, na goti lake haliruhusiwi kukaa kwenye ngazi.

Ungeweza angalau kugeuza waya kila baada ya muda ili vijiko viliwe sawasawa. Wataalamu hufanya hivyo. Hapana, sahau nilichosema.

Pia nikueleze kuwa vijiko vya zamani mara nyingi si fedha tupu. Vina shaba ndani ili viwe vigumu. Shaba nayo inaingia majini.

Sasa weka cherehani pembeni unisikilize, maana hapa sitanii. Fedha ikiingia mwilini, kiasi fulani hutolewa, lakini kiasi fulani kinabaki. Damu inakibeba mpaka kwenye ngozi, na kwenye ngozi kinatulia. Unakumbuka ule unga wako dirishani? Mwanga uliugeuza kijivu. Ngozini ni vilevile: mwanga wa jua unaigeuza fedha iliyofichika kuwa punje za metali, na mtu anabadilika rangi, anakuwa kijivu chenye ubuluu. Huanzia kwenye kucha na fizi, kisha uso. Haiumi. Lakini haioshwi, haisuguliwi, na hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Mtu anazikwa nayo. Picha ya zamani ilitengenezwa hivyohivyo, Dada, kwa fedha na mwanga, na ndiyo maana hadi leo babu zetu bado wametukodolea macho ukutani. Sitaki wewe uwe picha.

Wala rangi siyo jambo linalonitisha zaidi. Fedha inayoua vijidudu kwenye sahani, tumboni inakutana na asidi yenye kloridi tele na kuwa uleule unga wako mweupe. Haifiki kwenye kifua kufanya kazi uliyoituma. Kwa hiyo kikohozi kiko palepale, hakuna aliyekisikiliza, na wewe unaamini unakitibu. Hilo ndilo linaloninyima raha. Ingia chumba cha ndani, Dada. Shemeji alichelewa kuingia. Hakuuawa na chumba.

Mdogo wako anayekupenda.


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nilikawia kujibu kwa sababu nilikuwa nashona glavu.

Barua yako imeeleza vizuri kuliko zote. Nimeielewa kabisa: fedha peke yake haina neno, mkorofi ni mwanga. Basi nimeutoa mwanga. Nakunywa mapazia yakiwa yamefungwa. Sokoni naenda na mwavuli mweusi, glavu nilizozishona kwa kitambaa cha mapazia ya mteja, mikono mirefu na miwani ya jua. Siku ya kwanza muuza nyanya alinishika mkono akasema, "Pole sana, Mama, ni nani amefariki?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Basi ni kesi?" Mtaa mzima unaamini nimeshuhudia jambo na ninajificha. Kinyozi hanichimbi habari tena, ananiamkia kwa kunong'ona.

Kuhusu asidi ya tumboni: nimeelewa pia. Umesema tumbo lina kloridi inayoikamata fedha. Basi ni suala la kiasi. Ikiwa sehemu inakamatwa, niongeze ili nyingine ipite. Sasa siyo kijiko tena, ni glasi, asubuhi na jioni.

Na shaba isikutie wasiwasi. Kijiko cha Mama hakina shaba. Usimseme Mama.

Kikohozi bado kipo. Jana kilinibana nikimpima mteja kiuno, nikaandika namba ya kikohozi badala ya ya kiuno, na gauni sasa lingemtosha yeye na dada yake. Fundi anasema ugonjwa ukitoka hupiga kelele mlangoni.

Kitu kimoja nikuulize. Kwenye kucha, pale chini kwenye ule mwezi mweupe, pangu pamekuwa na rangi ya wingu la mvua. Vidole vyote kumi. Fundi anasema ndiyo ishara kwamba fedha imefika. Ni sawa? Nieleze, lakini usinitishe.

Dada yako.


10 Aprili

Dada,

Usinywe tena. Nenda kwa daktari.

Mdogo wako.


6 Mei

Mdogo wangu Kwanini,

Marahaba! Nasema marahaba kwa nguvu, kwa sababu ile barua yako hata kuniamkia hukuniamkia. Miaka yote ya maisha yako hujawahi kuniacha bila shikamoo, hata ile siku nilipokufungia stoo.

Niliipokea bahasha nikaipima mkononi. Nyepesi. Nikajua umesahau kutia karatasi. Nikaifungua, nikaona mistari miwili, nikageuza upande wa pili. Mweupe. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, nikidhani labda mengine yameandikwa kwa kemikali. Hakuna. Nikakaa chini, mdogo wangu. Mtu aliyenielezea kwa kurasa tatu kwa nini maziwa yanafurika anaandika maneno matano? Nikasema basi, ndugu yangu yuko kitandani, amemwandikisha mtu kwa sauti ya mwisho.

Nikakimbia kwa fundi na glavu zangu, nikamnyang'anya simu akiwa anaongea na mteja. Wifi yangu akapokea.

"Yuko hai?" nikauliza.

"Nani?"

"Mumeo!"

"Yupo barazani amenuna," akasema. "Alikuandikia kurasa saba akachana. Akaandika nne akachana. Nikamwambia, mume wangu, kila sababu unayompa dada yako ni mlango, na yeye hupita milango yote. Mwandikie ukuta."

Nikamwomba asikuambie nimepiga. Akasema hatakuambia, ukae kidogo na wewe usubiri bila maelezo, uone ladha yake. Ndiyo maana hamkunisikia mwezi mzima. Mnisamehe, au umsamehe yeye, nusu ni yake.

Nikarudi nyumbani, nikaisoma tena ile mistari miwili. Nilitafuta pa kupenya. Ningekuwa na neno "kwa sababu" hata moja, ningepenya. Hakuna. Jioni ilipofika glasi yangu ilikuwa mezani, ya manjano, nzuri kabisa. Nikaimwaga kwenye sinki. Asubuhi nikaenda kliniki, nikapita meza ya nje, mwenye mkanda wa presha akaniita, "Mama, ni hapa!" Nikamwambia leo ni ndani.

Sitakuficha. Nilishika kitasa kile nikamkumbuka shemeji yako na koti lake la kijivu. Nikaingia.

Daktari ni msichana, mdogo kuliko gauni la harusi ninaloshona sasa. Nikavua glavu, nikavua miwani, nikafunga mwavuli. Nikaanza kumweleza: chanya, hasi, wabebaji, mwanga, tumbo. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Akaangalia kucha. Akasikiliza kifua mbele na nyuma, akanipeleka kupigwa picha ya kifua, ikaja safi. Halafu akauliza swali ambalo wewe, profesa wangu, kwa kurasa zako zote hukuniuliza.

"Mama, kikohozi kilianza lini?"

"Mwishoni mwa mwaka."

"Na hivi vidonge vya presha ulianza lini?"

"Mwishoni mwa mw—"

 Daktari akatabasamu. Alikuwa ameshachukua kalamu.

Ni vidonge, Kwanini. Vidonge vyenyewe! Anasema hiyo aina huwakohoza baadhi ya watu, kikohozi kikavu kisicho na kitu, na hakuna maji ya aina yoyote yangekiondoa wakati mimi mwenyewe nakimeza kila asubuhi. Akanipa aina nyingine. Akaniambia nisitegemee kikohozi kikome siku ileile, kitaondoka taratibu. Kimeondoka. Wiki hii fundi alibisha hodi kuuliza kama niko hai, maana redio zake zimekaa stesheni moja siku nzima na hajazoea.

Yeye ameona haya sana. Nimemwambia asione, waya alifunga vizuri. Kosa lilikuwa kinywa changu.

Kucha zimebaki na wingu lao. Daktari anasema huenda lisiondoke kamwe, ila halitapanda kama sitanywa tena. Kwa hiyo uzeeni nimeanza kupaka rangi ya kucha, nyekundu. Kinyozi ameacha kuninong'oneza. Sasa anasema nimepata mchumba. Mwavuli nimempa muuza nyanya.

Ndani ya kifurushi hiki utakuta kijiko. Usishangae mpini umesokotwa. Ni changu, kile kizima. Manyoya yake meusi nimeyafuta kwa kitambaa kama ulivyoeleza. Chako nimebaki nacho mimi. Mchoro wa jani umeliwa, pamebaki kikonyo. Nakorogea nacho chai kila asubuhi ninapomeza kidonge kipya, na nikikitazama nacheka peke yangu. Usinibishie. Kama kungekuwa na haki, mimi ndiye ningefungwa upande wa chanya.

Sasa nina ombi. Barua fupi usiniandikie tena. Ukuta wako ulinitia hofu kuliko kikohozi, kuliko daktari, kuliko kuwa buluu. Nimeutii, lakini mara moja inatosha.

Kwa hiyo nieleze. Kidonge cha presha kinaingia tumboni, presha iko kwenye mishipa. Kifua kimekosa nini mpaka kikohozwe? Daktari alianza kunieleza lakini foleni ilikuwa ndefu, nikamwambia asihangaike, nina mtu wangu. Anza mwanzo. Usiruke kitu. Nimetoa kazi zote kwenye meza, chai iko kando, na mlango nimeufunga.

Dada yako.